Mazoezi ya Nyumbani kwa Mwenye Kidole Gumba Kilichochakaa

Mtu anayeishi Lamu huenda akagundua kwamba kidole gumba chake kimechakaa siku anaposhindwa kuzungusha ufunguo ndani ya kufuli, au anapokaa juu ya mbuzi kukuna nazi na kizio kikamponyoka mkononi kabla hakijafika nusu. Maumivu hayako kwenye ncha ya kidole, bali chini kabisa, pale kidole kinapokutana na kifundo cha mkono, na mwenye nayo anapoulizwa panapouma hupashika kwa mkono wa pili na kupakandamiza kama mtu anayetafuta mwiba. Wengi wetu huyaita maradhi haya baridi, au baridi yabisi, na kungojea upepo wa kusi upite. Mwongozo huu umeandikwa na mshonaji kofia aliyengojea kusi mbili zipite kabla ya kukubali kwamba kosa halikuwa la upepo. Hali ya hewa ya baridi inaweza kukufanya uhisi mkono umekakamaa na unauma zaidi, lakini haisagi mfupa wa mtu.

Kinachosagika ni gegedu, yaani ile nyama ngumu na laini juu yake inayofunika ncha za mifupa ili ziteleze bila kukwaruzana. Kiungo cha shina la kidole gumba kimeumbwa kama tandiko la punda: mfupa mdogo wa kifundo umejipinda katikati, na mfupa wa kidole umekaa juu yake kama mpandaji aliyetupa miguu pande mbili. Umbo hilo ndilo linalokiwezesha kidole gumba kwenda mbele, kurudi nyuma, kufunguka kando na kuzunguka hadi kukutana na vidole vingine vyote. Hata hivyo, tandiko halina shimo la kina la kumzuia mpandaji, kama lile la kiungo cha nyonga, na kwa hiyo mfupa huo hutegemea kano na misuli ili ukae mahali pake. Kano zikilegea kwa umri na kwa kazi, mpandaji huanza kuteleza kwenda upande wa nje, gegedu husagika upande mmoja, na baada ya miaka hutokea kinundu kwenye shina la kidole ambacho watu hudhani ni mfupa uliota. Hali hii huwapata zaidi wanawake, hasa baada ya kukoma hedhi, ingawa wachonga milango na mabaharia wanaovuta kamba za majahazi nao hawakusalimika.

Jambo moja linapaswa kueleweka kabla ya zoezi lolote, kwa sababu mazoezi yote yanayofuata yamejengwa juu yake. Vipimo vilivyotangazwa na wataalamu wa mifupa mwaka 1977 vilionyesha kwamba kila kilo 1 ya nguvu unayobana kwa ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha shahada hufika kwenye shina la kidole ikiwa takriban kilo 12. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na ni kweli, lakini hawakusema ni nani kati ya vidole hivyo anayelipa gharama. Anayebana sindano siku nzima au anayekamua nguo kwa nguvu analipakia shina hilo shehena ambayo mkono wenyewe hauihisi mpaka jioni.

Kwa sababu hiyo, siungi mkono ushauri unaotolewa mara nyingi vibarazani kwamba mwenye maumivu anunue kampira kadogo na kukafinya asubuhi na jioni ili mkono upate nguvu. Mimi mwenyewe nilishauriwa hivyo na watu walionitakia heri, nikafinya kwa mwezi mzima, na kinundu kikazidi kuuma. Kufinya huimarisha misuli inayokivuta kidole ndani ya kiganja, ambayo kwa kawaida tayari imekaza kupita kiasi, na kuiacha ile inayokifungua na kukikalisha kwenye tandiko lake ikiwa dhaifu kama ilivyokuwa. Utaratibu sahihi ni kulegeza kwanza, kisha kufungua, na kuimarisha kuja mwisho.

Hakikisha kwanza kwamba ni maradhi haya

Kukakamaa kwa asubuhi kunakotokana na kuchakaa kwa kiungo kwa kawaida huisha ndani ya nusu saa baada ya kuanza kutumia mkono. Kukakamaa kunakodumu saa nzima au zaidi, kukifuatana na kuvimba kwa viungo vingi vya mikono yote miwili, huashiria maradhi mengine ya viungo yanayohitaji dawa zake mapema, na mazoezi peke yake hayatayazuia. Ganzi inayokuamsha usiku kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati hutokana na neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono. Maumivu ya upande wa kifundo yanayompata mama mwenye mtoto mchanga kwa kumnyanyua mara kwa mara huwa ni ya kano wala si ya kiungo, na kidole kinachokwama kimekunjwa kisha kikafyatuka nacho kina tatizo lake jingine. Usianze mazoezi, bali nenda hospitali, ikiwa kiungo kimekuwa chekundu na cha moto pamoja na homa, au ikiwa maumivu yalianza baada ya kuanguka na kujizuia kwa mkono, iwe ulitupwa na punda au uliteleza kwenye ngazi za gatini. Mfupa mdogo wa kifundo unaweza kuvunjika bila mkono kupinda wala kuvimba sana, na ukiachwa bila matibabu unaweza kukataa kuunga.

Joto na kulegeza

Chukua bakuli la maji ya vuguvugu, uzamishe mkono mpaka juu ya kifundo, na uuache humo kwa dakika 5 hadi 10 huku ukifungua na kufunga vidole polepole. Mwenye kisukari, au yeyote ambaye vidole vyake vimepoteza hisia, amwombe mtu mwingine ayapime maji hayo kwanza, kwa maana ngozi isiyohisi huungua bila mwenyewe kujua. Siku ambayo kiungo kimevimba na kina joto chenyewe, acha maji ya moto na ufunge kitambaa kilicholowa maji baridi.

Mkono ukishapata joto, shughulikia ile nyama iliyoko kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Huo ni msuli unaokivuta kidole kuelekea kiganjani, na ukikaza muda mrefu huubana mfupa kwa juu na kuusukuma nje kwenye shina, kama kamba ya tanga iliyokazwa kuliko inavyohitajika. Uushike msuli huo kwa vidole vya mkono wa pili, ukiwa ndani ya nyama wala si juu ya kiungo, uukandamize taratibu kwa sekunde 30 hadi dakika 1 mpaka uhisi unalegea, kisha usogee kidogo na kurudia. Hapa pana mtego ambao waelekezaji wengi huusahau: aliye na maumivu ya mikono yote miwili akiulegeza mkono wa kulia kwa kubana na wa kushoto, atakuwa anauponya mmoja kwa kuuharibu mwingine. Mtu huyo atumie kibanio cha nguo chenye springi isiyo kali, akiweke kwenye nyama hiyo kwa dakika moja tu, na akiondoe mara moja akihisi ganzi. Au aiegemeze nyama hiyo kwenye ncha ya mviringo ya mpini wa mwiko uliosimamishwa juu ya meza na kuacha uzito wa mkono wenyewe ufanye kazi.

Mkono wa kikombe

Hili ndilo zoezi la msingi, na kama una nafasi ya kufanya moja tu kwa siku basi fanya hili. Tafuta kikombe cha kahawa cha kwetu, kile kidogo kisicho na mkono ambacho muuza kahawa hukigonganisha na wenzake akipita. Keti, ulaze mkono juu ya meza kwa ubavu wa kidole cha mwisho, kidole gumba kikiwa juu. Sasa kifungue kidole gumba kuanzia shinani, kana kwamba unataka kukishika kikombe bila kukigusa, mpaka kidole gumba na kidole cha shahada vifanye umbo la herufi C pana. Pingili zote ziwe zimepinda kidogo, pasiwe na moja iliyonyooka kabisa wala iliyokunjika. Baki hapo kwa sekunde 5, kisha ulegeze. Rudia mara 10.

Kuna kosa moja ambalo mtu hulifanya bila kuliona, na kulirekebisha ni nusu ya tiba. Kitazame kiungo cha katikati ya kidole gumba, kile kinachofuata baada ya shina. Katika mikono mingi iliyochakaa, mtu anapokibana kitu kiungo hicho hudidimia kwa nyuma na kidole kikafanya umbo la kuvunjika-vunjika, ncha ikiwa imekunjwa, katikati imerudi nyuma na shina limejitokeza nje. Kidole kinachosimama namna hiyo kinalisukuma shina nje ya tandiko kila kinapofanya kazi. Weka kioo mezani au umwombe mtu wa nyumbani akuangalie, na kiungo hicho kikianza kudidimia, punguza upana wa C mpaka uweze kukishikilia kikiwa cha mviringo. Afadhali C ndogo iliyo nzima kuliko kubwa iliyovunjika.

Ukiweza kuishikilia C bila kikombe, kiweke kikombe ndani yake. Kiguse kwa pande zote mbili kwa wepesi, kama unavyokishika kikiwa na kahawa ya moto, ukinyanyue kidogo kutoka mezani, ukirudishe, na ufungue tena. Wiki zikipita, unaweza kuhamia kwenye kitu kinene zaidi, kwa mfano kopo tupu la maziwa ya unga, lakini kwa sharti kwamba kidole kinafunguka chenyewe kabla ya kukifikia kopo, wala hulitumii kopo kukipanua kwa nguvu.

Zoezi linalofuatana nalo ni la kuugeuza mkono chali juu ya meza, kiganja kikitazama dari, kisha kukisimamisha kidole gumba kuelekea juu kama mlingoti wa jahazi, pingili zikiwa bado zimepinda kidogo. Sekunde 5, mara 10. Misuli inayofanya kazi hiyo ni ile minene iliyoko chini ya kidole upande wa kiganja, na kwa watu waliougua muda mrefu hupungua mpaka pakaonekana bonde. Ukikiona kidole kinatetemeka kabla ya kufika mara ya 6, hapo ndipo mpaka wako wa siku hiyo.

Kukunja pingili ni kazi ya haraka: shika chini ya kiungo cha ncha kwa mkono wa pili na uikunje ncha peke yake mara 5, kisha shika chini ya kiungo cha katikati na ukikunje hicho mara 5. Lengo ni kuvizuia viungo hivi viwili visikakamae, kwani vikikakamaa shina hulazimika kufanya kazi yao pia.

Tasbihi kwa pingili

Zoezi la kukikutanisha kidole gumba na kila kidole kingine hufundishwa katika kila hospitali yenye kitengo cha mazoezi ya viungo, na wagonjwa hulisahau wakifika nyumbani kwa sababu ni zoezi lisilo na wakati wake. Kwetu limeshapewa wakati zamani. Anayesali na kuhesabu tasbihi, tahmidi na takbiri kwa pingili za vidole badala ya shanga anakipitisha kidole gumba chake kwenye vidole vyote mara tano kwa siku, kila moja 33, na hakuna mtaalamu atakayekuandikia zaidi ya hapo. Yanayohitaji kurekebishwa ni mambo matatu. La kwanza ni kwamba ncha ya kidole gumba iguse pingili bila kuisukuma, kwa wepesi wa kugusa ukurasa wa msahafu. La pili ni kwamba unapogusana na ncha ya kidole kingine, nafasi iliyobaki katikati ifanye duara kamili kama pete, kwa maana duara likibonyea pande zote mbili na kuwa kama mdomo wa bata, kile kiungo cha katikati kimeanza tena kudidimia. La tatu, na hapa watu wengi hujiumiza, ni kwamba kidole gumba kisilazimishwe kufika kwenye pingili ya chini kabisa ya kidole cha mwisho. Safari hiyo ndefu ya kukivuka kiganja huukaza msuli uleule tulioulegeza na kuupindua mfupa juu ya tandiko. Ishie kwenye ncha ya kidole cha mwisho, au hata kwenye kidole cha pete ikiwa cha mwisho kinauma, na uhesabu zilizobaki kwa mkono wa pili.

Kwa kuwa tumeitaja sala, tutaje na kuinuka kutoka kwenye sijda. Wengi wetu hujisukuma kwa mikono, na vidole gumba vikiwa vimepanuka kando hubeba sehemu ya uzito wa mwili mzima. Kilaze kidole gumba karibu na kidole cha shahada, ulete uzito kwenye kisigino cha kiganja upande wa kidole cha mwisho, na kama maumivu ni makali, fiqhi imemruhusu mgonjwa nafuu anazozijua kila aliyesoma chuoni.

Kuimarisha kidole cha shahada

Huenda ikashangaza kwamba zoezi la nguvu lenye manufaa makubwa zaidi kwa kidole gumba hufanywa na kidole kingine. Upande wa nyuma wa mkono, kati ya mfupa wa kidole gumba na ule wa kidole cha shahada, pana msuli unaokisogeza kidole cha shahada kuelekea kidole gumba, na kwa kuwa umejishikiza pia kwenye mfupa wa kidole gumba, unapokaza huuvuta mfupa huo urudi kwenye tandiko. Weka kiganja mezani kikitazama chini, vidole vikiwa vimenyooka bila kukaza. Kisogeze kidole cha shahada kando kuelekea kidole gumba huku kidole gumba kikiwa kimetulia kabisa, na ukiuweka mkono wa pili juu ya nyama hiyo utauhisi msuli ukitutumka. Baki hapo sekunde 5, rudi, fanya mara 10.

Baada ya wiki mbili za kufanya hivyo bila kizuizi, weka kizuizi. Njia ya kwanza ni kukisukuma kidole cha shahada polepole kwa ubavu wa mkono wa pili huku chenyewe kikikataa kurudi. Njia ya pili ni kuvifunga kidole cha shahada na cha kati kwa mpira mwembamba wa kufungia noti, kwenye pingili za katikati, kisha kukivuta cha shahada kando dhidi ya mpira huo. Zoezi lenye kizuizi hufanywa siku moja na kupumzishwa siku inayofuata, kwa sababu msuli hukua katika mapumziko. Yale mengine ya kufungua na kugusa yanaweza kufanywa mara mbili au tatu kila siku. Mimi nimeyafunga kwenye nyakati za sala, alfajiri baada ya maji ya vuguvugu, alasiri kabla ya kuishika tena kofia, na baada ya isha, na sijalazimika kutafuta kumbukumbu nyingine.

Usikivute kidole mpaka kilie, usikipinde nyuma kwa nguvu kama unayesimamisha gari barabarani, na usishindane na mtu. Uzito kidogo au hisia ya kuvutika wakati wa zoezi haina ubaya. Ikiwa maumivu yamepanda kuliko yalivyokuwa kabla ya kuanza, na bado yako juu saa mbili baada ya kumaliza, umefanya kupita kiasi: siku inayofuata punguza idadi iwe nusu, wala usiache kabisa. Mabadiliko huanza kuonekana kati ya wiki 6 na 12, na huonekana kwanza katika mambo madogo, kama kufungua kizibo cha chupa bila kuita mtoto. Gegedu lililosagika halirudi kwa mazoezi. Kinachobadilika ni namna mfupa unavyokaa na kiasi cha maumivu unachokihisi.

Kazi za nyumbani na za mkono

Dakika 15 za mazoezi haziwezi kushindana na saa sita za kubana, na ndiyo sababu kazi yenyewe lazima ibadilishwe umbo. Kwenye mbuzi, kishike kizio kwa viganja vyote viwili, vidole gumba vikiwa vimelala kando ya vingine badala ya kukikandamiza kwa juu, na ukizungushe kwa bega na kiwiko. Machicha yakikamuliwa kwenye kifumbu au kitambaa, yakandamize kwa viganja viwili vilivyokutana juu ya bakuli badala ya kuyanyonga. Unga wa mahamri na chapati ukandwe kwa ngumi na kisigino cha kiganja. Nguo iliyolowa izungushwe kwenye bomba na kusokotwa kwa mikono yote miwili kama kamba, na ndoo ikiwa lazima ibebwe, mkono wake ufungwe kitambaa kinene au upitishwe kwenye kigasha. Kisu cha kuparia samaki kikizungushiwa mpini wake ukanda wa kitambaa mpaka ukawa mnene, mkono hauhitaji kukaza sana kukizuia kisiteleze, na patasi ya mchonga milango hufuata kanuni hiyohiyo.

Kofia ndiyo iliyonipa shida kubwa. Sindano ni nyembamba, na kadiri kitu kinavyokuwa chembamba na chenye kuteleza ndivyo mtu anavyokibana zaidi, tena kwa ncha, tena kwa muda mrefu, ambayo ni mambo matatu mabaya yaliyokutana mahali pamoja. Nilichokigundua kwa bahati ni kukata kidole kimoja cha glavu nyembamba ya mpira na kukivaa kwenye kidole gumba, kwa kuwa mpira huishika sindano isiteleze na nguvu ya kubana hupungua. Pamoja na hayo huiweka kofia chini kila baada ya dakika 20, nikafungua C mara tano, ndipo nikaendelea. Kofia huchukua siku zaidi kumalizika, na mnunuzi anayejua kazi hangoji chini ya miezi kadhaa hata hivyo.

Simu nayo ni mzigo mpya ambao wazee wetu hawakuubeba. Kuandika kwa kidole gumba kimoja huku mkono huohuo umeishika simu hukilazimisha kidole kukivuka kiganja mara elfu. Ilaze mezani na uandike kwa kidole cha shahada, au utume ujumbe wa sauti.

Gango laini la kidole gumba, linaloshika shina na kuacha ncha huru, husaidia wakati wa kazi nzito na wakati maumivu yamepamba moto. Manufaa yake huonekana kwa mwenye kulivaa kwa miezi mitatu au zaidi, na livuliwe wakati wa mazoezi. Dawa ya kupaka yenye diklofenaki huweza kupunguza maumivu, na kwa kuwa kiungo hiki kiko karibu na ngozi, ndiyo dawa inayofaa kujaribiwa kabla ya vidonge. Sina ugomvi na mafuta ya karafuu au ya habasoda yanayosuguliwa kwa vuguvugu kwenye ngozi isiyo na kidonda, mradi mkono unaosugua ulegeze ile nyama ya katikati na usikikandamize kinundu. Vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni visimezwe kila siku bila kumwona daktari, hasa na mwenye presha, mwenye vidonda vya tumbo au mwenye maradhi ya figo.

Ikiwa miezi mitatu ya kufanya haya kwa uaminifu haijaleta nafuu, au kidole kimepoteza nguvu kiasi cha kuangusha vitu, omba hospitali ikupeleke kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo na kwa daktari wa mifupa. Daktari anaweza kukuchoma sindano kwenye kiungo, ambayo huwapa baadhi ya watu nafuu ya wiki chache, au kupendekeza upasuaji unaouondoa ule mfupa mdogo wa tandiko. Baada ya upasuaji huo mkono hukaa ndani ya gango kwa wiki kadhaa, kisha mazoezi huanza upya, kwa kufungua kwanza na kubana mwisho kabisa.